Ukuta tulioukuta: shajara ya mradi

Siku ya 1

Basi tumepata ukumbi. Chumba kimoja cha mstatili, mita 11 kwa 6 na nusu, dari liko mita 3.4 juu, kuta zote nyeupe, mlango mmoja, dirisha hakuna hata la dawa. Tuko watatu: mi, fundi wetu (seremala aliyeshika msumeno kabla sijazaliwa, tunamwita mzee na inatosha) na dogo mmoja anayesomea usanifu majengo ambaye kazi yake rasmi ni kuchora ramani, isiyo rasmi ni kubisha. Naandika humu ili nikisahau kwanini tuliamua kitu fulani nirudi nisome, kwahiyo mpangilio msiutafute.

Wazo lenyewe: kuta mbili zilizosimama sambamba, kila moja urefu mita 9 na kimo mita 2.7, katikati yake korido inayobana taratibu, unaingia upana ni sm 90 unatokea upana ni sm 50. Hakuna picha, hakuna sanamu, hakuna maandishi. Mtu anaingia, anatembea, anatoka, na kazi yenyewe ni kile mabega yake yatakachofanya humo ndani.

Sijifanyi nimevumbua. Msanii wa Marekani Bruce Nauman alishajenga korido ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 60, mbao na bodi tu, upana inchi 20, yaani sm 50.8, na mwanzoni haikuwa hata kazi ya kuonyeshwa, alikua anaitumia kujirekodi video ya 1968 anatembea humo mikono kaifumba kisogoni huku anatupa kiuno kushoto kulia kama sanamu za zamani za Wagiriki. Mwaka uliofuata akaipeleka korido yenyewe kwenye maonyesho ya jumba la Whitney, New York, yeye hayumo, video haimo. Hapo ndo mi huwa nakwama: kamtoa mtu, kaacha kuta, watu wakaja wakaingia wenyewe.

Kitu kimoja kabla sijasahau. Juu karibu na dari, kwenye ukuta mrefu wa kushoto, kuna ufa mwembamba kama unywele, umekaa sm 10 hivi chini ya dari na umenyooka mwanzo mwisho. Mzee kauangalia akasema unyevu. Mi nikaona unyevu gani huu unaotembea na rula, ila sikusema.

Siku ya 2

Tumechora chini kwa chaki, korido nzima kwa vipimo halisi, tukawa tunapita kama watoto wanaocheza. Raha. Alafu dogo akauliza, "Dada, na mtu wa kiti cha magurudumu?"

Nilikasirika kwanza, nikanyamaza baadaye, kwa sababu jibu nilikua nalo na halikua zuri. Kiti cha kawaida kinataka kama sm 65 hadi 70 kupita, na bado mikono ya anayekisukuma. Nauman mwenyewe ana korido nyingine ya 1970 yenye taa za kijani ambayo upana wake ni futi moja tu, sm 30, mtu unapita ubavu na wengine hawapiti kabisa, na ule ukali ndo sehemu ya kazi. Sawa. Ila yule alikua na sababu zake na mi zangu sizioni.

Kwahiyo chini korido itabaki sm 95 mwanzo mpaka mwisho. Swali likawa: kama haibani chini, itabana wapi? Tumekaa nalo mpaka jioni. Jibu limetoka kwa bahati, dogo aliegemeza ubao kwenye ukuta vibaya ukawa unamlalia kichwani, akainama bila kujua kama kainama. Nikasema hivohivo.

Siku ya 3

Mpango mpya: ukuta mmoja unalala. Juu unaingia ndani sm 18 kulinganisha na chini, kwa kimo cha 2.7 hiyo ni karibu nyuzi 4, kidogo kiasi kwamba jicho linabisha lakini shingo inajua.

Mzee kakaa kimya muda mrefu alafu akasema, "Mwanangu, maisha yangu yote nalipwa ukuta usimame, we unanilipa ulale." Kachukua timazi yake (ule uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama) kaikunja kairudisha kwenye boksi kwa heshima kama mtu anayefunga msahafu. Nimecheka mpaka machozi ila nadhani hakuwa anatania.

Nikamsimulia ya mchongaji Richard Serra, ule ukuta wake wa chuma uliowekwa 1981 kwenye uwanja wa majengo ya serikali New York, urefu mita 36 na zaidi, kimo 3.66, umelala kidogo na umepinda, umekatisha uwanja katikati. Waliofanya kazi pale walilalamika kwamba kila siku wanazunguka chuma, kikafanyika kikao cha kusikiliza watu 1985, na Machi 1989 ukakatwa ukaondolewa usiku. Mzee akauliza, "Kwahiyo ulikua mzuri au mbaya?" Nikamwambia mi naona ulikua mzuri na watu nao walikua na haki. Akasema hilo sio jibu. Kweli sio jibu.

Siku ya 4

Leo ndo mradi umegeuka, naandika kwa mpangilio maana nitaulizwa.

Ukuta uliolala unataka mihimili nyuma, na mihimili inataka kushikwa kwenye ukuta wa ukumbi kwa bolti. Dogo kachukua drili, kachagua sehemu ukuta wa kushoto, kaanza. Biti ikaingia sentimita moja na kidogo, alafu ikazama mpaka mwisho na yeye nusura azame nayo. Akajaribu pembeni, hivohivo. Mzee kaja na kifundo cha kidole, akaanza kugonga ukuta akitembea pole pole sikio limeegemea, duu, duu, duu, ko, duu, duu. Kwenye ile "ko" akaweka alama ya penseli. Baada ya kila sm 60 "ko" nyingine.

Akageuka: "Huu sio ukuta. Hii ni bodi ya jipsamu kwenye chaneli za bati. Ukuta uko nyuma."

Yaani tumekaa siku nne ndani ya chumba tunapanga kujenga kuta za uongo ndani ya chumba ambacho ukuta wake mrefu kuliko zote ni wa uongo, na hakuna aliyeshtuka. Mi najiita mtu wa nafasi na kuta, aibu yangu.

Siku ya 5

Mwenye jengo kaja. Hakujua lolote, alilinunua likiwa hivohivo. Karuhusu tukate tundu moja kwa sharti tulirudishe lilivyokuwa. Nikamuomba tukate mraba wa sm 91 na kidogo. Kauliza kwanini namba ya ajabu. Kwa sababu msanii Lawrence Weiner mwaka 1968 aliandika kazi ambayo ni sentensi tu: kuondoa mraba wa inchi 36 kwa 36 wa plasta au bodi ukutani mpaka kufikia kinachoishikilia. Kwake kazi ikishaandikwa imeshakuwepo, inaweza kutengenezwa na mtu mwingine, au isitengenezwe kabisa. Mwenye jengo akaniangalia kama naagiza kitu kisichokuwepo, akasema kateni.

Mzee kakata kwa msumeno wa mkono, sio mashine, ili vumbi lisiwe jingi na asikate waya kama upo. Kipande kimetoka kizima. Makali ya chini ya tundu yapo sm 70 kutoka sakafuni.

Sasa kilichopo nyuma. Kwanza hewa, ile harufu ya chumba kilichofungwa, ingawa chumba chenyewe kina unene wa sm 14. Alafu ukuta wa kweli, wa matofali na plasta ya zamani, umepakwa rangi safu tatu ambazo zinaonekana pale zilipobanduka: juu krimu, chini yake bluu ya maji, chini kabisa waridi iliyopauka. Alafu katikati ya tundu, kama vile tulilenga, kona ya dirisha lililozibwa kwa matofali, lenta yake, ile boriti ya zege, bado iko juu. Matofali ya kuzibia hayajapigwa plasta, udongo umetokeza kwenye maungio kama mtu aliyekua na haraka. Na pembeni ya dirisha, juu ya ile rangi ya krimu, hesabu za penseli: mistari mifupi, namba, mshale mmoja. Mafundi huwa wanaandika ukutani wakijua utafunikwa.

Tulikaa sakafuni mbele ya lile tundu kama watu wanaotazama tv.

Siku ya 6

Hakuna kazi leo, ni mabishano tu.

Dogo anataka tukate ukuta wote wa uongo kutoka kona hadi kona. Shujaa wake ni Gordon Matta-Clark, ambaye naye alisomea usanifu majengo alafu akageuka kukata majengo: 1974 alipasua nyumba nzima ya mbao kule Englewood, New Jersey, katikati kutoka paa mpaka chini, akapunguza msingi upande mmoja ule upande ukalala nyuma na mwanga ukaingia kwenye mpasuko, na 1975 akatoboa tundu la umbo la koni kwenye nyumba mbili za karne ya 17 Paris, jirani na kituo cha sanaa cha Pompidou kilipokuwa kinajengwa. Mi namheshimu sana lakini nikamkumbusha dogo kwamba zile nyumba zilikua zinasubiri kubomolewa, hii yetu tuna sharti la kurudisha. Kukata nyumba inayokufa na kukata ya mtu anayekusubiri mlangoni na funguo ni vitu viwili.

Akaja na lingine, tumwage plasta ndani ya ule uwazi wa sm 14, ikauke, tubandue bodi, tubaki na umbo la hewa. Hilo ni la mchongaji Rachel Whiteread, na hapo mzee ndo akachangamka maana sikuwa nimewahi kumwambia habari zake. 1993 London mashariki, nyumba ya mwisho iliyobaki kwenye safu, wakapulizia zege ndani kwenye kuta zote, alafu wakaondoa nyumba.

"Wakaondoa ukuta, wakaacha chumba?"

"Ndio mzee. Chumba kikawa jiwe."

"Na milango?"

"Imebaki alama, imegeuka ndani nje. Swichi za taa zimekuwa vishimo."

Akakaa. "Huyo kajenga kile ambacho sisi huwa tunakizungushia tu." Iliisha Oktoba 1993 na Januari 11, 1994 halmashauri ikaibomoa, haikumaliza hata miezi mitatu. Kwangu hakuna kazi ya ukuta inayoifikia, na ndo maana hatutaiga. Kuiga kitu kikubwa kwa unene wa sm 14 ni kujidhalilisha.

Wangu mimi kwa hali hii ni wengine wawili. Michael Asher, 1974 Los Angeles, kazi yake yote ilikua kuondoa ukuta uliotenganisha sehemu ya maonyesho na ofisi ya wauza sanaa, akaziba makovu vizuri, basi. Ukiingia unakuta meza, karatasi, mtu anaongea na simu, na unatambua kwamba ule ukuta mweupe kazi yake ilikua kukuficha haya. Na Maria Eichhorn, 2022, banda la Ujerumani kwenye Bienale ya Venice, yale maonyesho ya sanaa ya kimataifa, kachimba msingi ukaonekana na kakwangua plasta mpaka maungio yakajitokeza, huku jengo la 1909, huku sehemu zilizoongezwa 1938 enzi za Wanazi. Hakuleta kitu. Alionyesha mshono.

Tulichokubaliana (saa 2 usiku, wote tumechoka, labda ndo maana tulikubaliana): tunajenga ukuta mmoja tu, ule unaolala. Upande wa pili wa korido utakua huu ukuta wa uongo tulioukuta ukumbini, na tundu lake mwishoni. Mtu atatembea kati ya uongo wetu na uongo wa mwingine.

Siku ya 7

Dogo kaleta nyuzi za sufu ya akriliki akataka kunionyesha kitu. Kafunga uzi mmoja kutoka sakafuni hadi dari, akaupitisha darini mita mbili, akaurudisha chini, akaulaza sakafuni mpaka pale ulipoanzia. Mstatili wa uzi, ndani hakuna kitu. Alafu akaniambia nipite. Na mi, mtu mzima, niliyemwona akifunga, nikazunguka pembeni. Mguu ulikataa. Mzee naye kazunguka, akacheka, akajaribu tena, safari hii kapita katikati ila kafumba macho.

Ni ya msanii Fred Sandback hiyo mwanzo mwisho, alifanya hivo tangu 1966 na ukiona zake utaapa kuna kioo. Kwahiyo hatuitumii. Tumeiacha siku nzima ukumbini hata hivo.

Siku ya 9 na 10

Fremu. Chaneli chini, chaneli juu, nguzo kila sm 60, mihimili nyuma inashika sakafuni badala ya ukutani. Bodi 16, nane kila uso, kila moja inapita kilo 25, mgongo wangu una maoni yake. Kosa langu: nilitaka kimo cha mita 2.7 wakati bodi inakuja na mita 2.44, kwahiyo juu kote kuna kipande cha sm 26 cha kuongezea na maungio ya mlalo urefu wa mita 9. Mzee alinionya siku ya kwanza. Kila nikipita chini ya yale maungio anapiga mluzi.

Siku ya 11

Nimeandika maagizo ya kujenga kazi hii upya, ukurasa mmoja, maana ikibomolewa itabaki karatasi. Hii nimejifunza kwa Sol LeWitt, alianza kuchora moja kwa moja ukutani 1968 na michoro yake ni maagizo na cheti, wachoraji wengine ndo wanaichora, maonyesho yakiisha ukuta unapakwa rangi na hakuna anayelia. Tangu 2008 kuna jengo zima kwenye jumba la sanaa la MASS MoCA, Marekani, lenye michoro yake 105, na yeye alifariki 2007 kabla haijamalizika. Kazi iliendelea bila yeye kwa sababu maagizo yalikuwepo.

Ila huwa nakereka kidogo watu wanavyosimulia kama vile kuchora ukutani kulizaliwa New York 1968. Wanawake wa Kindebele Afrika Kusini walikua wanapaka kuta za nyumba zao na kuzipaka upya siku zote, na Esther Mahlangu alipoitwa Paris 1989 kwenye yale maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre alijenga na kupaka nyumba palepale, mistari mirefu imenyooka bila rula, kwa unyoya wa kuku. Mzee nilimwonyesha picha, akaangalia mstari tu, rangi hata hakuzitaja. "Mkono huo," akasema.

Siku ya 13

Puti, msasa, puti, msasa. Kichwa changu cheupe kama bibi harusi.

Jioni tukawasha taa za sakafuni kwa mara ya kwanza, zile zinazolamba ukuta kutoka chini kwenda juu, na kila kosa likasimama. Maungio ya sm 26 yameonekana kama kamba imepita chini ya ngozi. Skrubu zote zina vivuli. Ukuta uliokuwa laini mchana umekuwa ramani ya milima. Mzee akasema fundi mwenye akili hakabidhi kazi usiku.

Nilitaka kulia, alafu nikaona ukuta wa pili, ule wa uongo wa zamani, nao umelambwa na mwanga uleule, na ule ufa wa juu umejitokeza wazi: sio ufa, ni maungio. Kipande cha sm 10 kimetembea chini ya dari urefu wote. Mzee kapanda ngazi, kagusa, kashuka. "Kiraka." Cha nini? Hajui. Bodi nzima ya 2.44 chini, kipande kikubwa juu yake, alafu tena kiraka cha sm 10, hakuna fundi anayepanga hivo.

Tumekubaliana tusirudie puti. Uso wa nje wa ukuta wetu utakuwa laini na taa ya kawaida, uso wa ndani wa korido utaonyesha kila kitu.

Kuhusu rangi sina la ziada, nyeupe. Brian O'Doherty alishaandika 1976 jinsi chumba cheupe kinavyojifanya hakipo wakati ndo kinachoamua nini ni sanaa, na Yves Klein 1958 Paris alipaka chumba kitupu rangi nyeupe akakiita maonyesho. Tumeenda na nyeupe ileile ya ukumbi ili mtu asijue upi ni wetu. Imetuchukua majaribio matano, kumbe nyeupe yao ilishageuka manjano kidogo kwa umri.

Siku ya 15

Mkaguzi wa usalama. Nilimwogopa kuliko wahakiki wote. Alipoona ukuta umelala akasimama mlangoni hakutaka kuingia. Mzee akamwonyesha mihimili, wakaegemea wote wawili pamoja na dogo, haukutikisika. Kaagiza taa ya dharura na mwisho wa korido ubaki wazi, vyote sawa.

Sikumwambia kuhusu Chris Burden, ambaye 1985 aliweka jeki ya tani 100 kati ya kuta mbili za jumba la maonyesho na akaiunganisha na geti la kuzunguka la mlangoni, kila anayeingia analizungusha na jeki inasukuma kuta kidogo sana, kwahiyo wangekuja watu wa kutosha jengo lingeanguka kwa kupendwa. Hiyo ni hadithi ya kumsimulia mkaguzi akishasaini.

Siku ya 16

Majaribio, watu kumi, ndugu na majirani wa kazi. Nilikaa nyuma ya fremu nasikiliza.

Wengi wanaanza kwa hatua za kawaida, karibu mita ya tatu hatua zinapungua, na bila kuambiwa wanahamia upande wa ukuta uliosimama, wengine wanaushika. Wanaegemea ule wa uongo wa zamani wakikimbia ule unaolala! Kijana mmoja mrefu alitoka shingo imeenda upande, hakujua. Watoto wawili walikimbia mwanzo mwisho na kurudi, kwao ni korido tu. Watu sita kati ya kumi walipita tundu bila kuliona.

Alafu akaja mama mmoja wa kiti cha magurudumu, rafiki wa familia ya mzee. Akapita, akatoka, akaniambia bila kuzungusha: "Mwanangu, sijahisi kitu." Nikapiga hesabu palepale, kimo cha kichwa chake akiwa amekaa ni kama mita 1.2, pale ukuta umeingia sm 8 tu, na mwanga wote mkali uko juu yake. Nimepanua korido ili apite, nikasahau kwamba kupita sio kazi. Nimeliandika hapa wazi maana kwa muda uliobaki hatuwezi kulirekebisha, ukuta ulale kuanzia chini zaidi unataka fremu mpya.

Lakini alirudi ndani. Tundu kwa kimo chake liko usoni kabisa, sisi wote tunainama. Kakaa pale dakika kama kumi na tochi ya simu, alafu akaita, "Nani kaandika hizi hesabu?"

Nikasema fundi wa zamani, hatumjui.

"Basi kakosea. Mia tatu arobaini toa mia mbili arobaini na nne, kaandika themanini na sita. Ni tisini na sita."

Mzee alikua nje, akaja mbio. Akainama, akasoma kwa kidole. 340 − 244 = 86. Akanyanyua kichwa akaangalia dari, ule mstari, kiraka cha sm 10 mwanzo mpaka mwisho wa ukuta, na akaanza kucheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. "Kazikata zote kabla hajapima hata moja! Bodi zote! Alafu akakaa siku nzima anakata viraka."

Alikua anamcheka mtu ambaye hajawahi kumwona, kama jamaa yake wa karibu.

Siku ya 17

Badiliko moja: taa moja tumeihamisha juu ili ilambe kiraka, na nyingine ndogo ndani ya uwazi inaangaza hesabu. Dogo alitaka kamera mwanzo wa korido na tv mwisho, mtu ajione mgongo. Hiyo ni Nauman tena, 1970, tv mbili zimepandana, moja inaonyesha korido tupu, nyingine inakuonyesha wewe kwa nyuma, na kadiri unavyoisogelea ndo unavyozidi kuwa mdogo. Nikamwambia achague, aidha mtu ajitazame au amtazame fundi. Kanuna saa moja.

Siku ya 18 hadi 31

Maonyesho. Sikuandika, nilikua nafagia vumbi na kujibu swali moja mara mia, "kazi yenyewe iko wapi".

Siku ya 33

Tumebomoa ukuta wetu kwa saa nne. Bodi 11 zimetoka nzima, mzee kazichukua.

Limebaki tundu. Msanii Doris Salcedo alipopasua sakafu ya jumba la sanaa la Tate Modern, London, 2007, ufa wa mita 167, uliishia kujazwa na kovu bado lipo, watu wanalikanyaga. Mwenye jengo wetu hataki kovu, na ni haki yake. Mraba uleule tulioutoa siku ya 5 tunaurudisha.

Kabla ya kuufunga, mzee katoa penseli sikioni. Anataka kusahihisha ile 86 iwe 96. Nikamkataza. Akasema hesabu mbaya haiachwi ukutani, akija fundi mwingine ataifuata. Nikasema hiyo ndo sababu ya kiraka, ukiisahihisha kiraka kitakosa baba. Tumevutana pale tumepiga magoti mbele ya tundu, dogo anashikilia bodi mikono inatetemeka anatuomba tuamue. Mwisho mzee kaiacha 86 kama ilivyo, akaandika pembeni yake vipimo vya mraba wetu, 91.4 kwa 91.4, akavipigia mstari chini, akarudisha penseli sikioni.

Skrubu 12, tepu ya maungio, puti mkono wa kwanza. Haijakauka. Kesho msasa, alafu ile nyeupe ya manjano kidogo, imebaki nusu kopo.